Limbuko la Nyumba ya Banzi

Filipo mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini utakapoisoma barua hii utakuwa umekwisha kunipa mgongo, na sipendi salamu ya mwanangu ipotee njiani bila kuitikiwa.

Umekwenda kuwaaga mama zako wadogo kule juu, mvua imekushika huko huko, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Habari za kufua shuka, za kutolala chini kwenye unyevu, za kutokopa tumbaku kwa watu wa reli, hutaziona humu. Umekwisha kuwa mtu mzima, utajiosha mwenyewe. Nataka tuzungumze juu ya kile kisu.

Nimekiona. Umekifunga kati ya shuka na kanzu yako ya Jumapili, kisu cha mjomba wako Banzi, na umekinoa mpaka kinanyoa. Sijakitoa. Mwanamume husafiri na kisu. Lakini mtu anayekwenda Morogoro kubeba mataruma ya reli hana haja ya kisu kikali namna ile, na mimi si mjinga. Chini ya mlima, pale penye njia panda, kulia ni njia ya Morogoro, na kushoto ni mwendo mfupi tu mpaka uwanjani kwa akida wa Wadachi. Kesho utafika pale saa ambayo yeye hukaa barazani peke yake na bakuli lake la uji. Wewe unaijua saa hiyo. Mimi naijua zaidi, maana nimeiwaza miaka yote hii nikiwa natwanga.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini nakufahamu. Ungeinamisha kichwa, ungesema "Ndiyo, mama," kisha ungefanya lako. Basi kaa juu ya jiwe kabla ya kufika njia panda, usome mpaka mwisho, halafu uchague mguu wa kutanguliza.

Jina la akida yule sitaliandika. Watoto wa watoto wako wasije wakalikuta kwa mkono wangu.

Mimi na yeye tulisoma benchi moja pale misheni ya Morogoro, nilipokuwa msichana mdogo nimepelekwa kwa masista. Yeye hakuwa mtu wa milimani. Mapadre walimkomboa pwani mikononi mwa wauza watu, na shingoni alikuwa bado na alama ya mnyororo. Sista alikuwa na picha kubwa za habari takatifu, akizitundika ukutani moja moja. Siku ya picha ya Waisraeli wakitoka Misri, mtoto yule alilia mpaka akatolewa nje kwenda kunawa uso. Hakuna mwingine darasani aliyeijua Pasaka kama yeye. Mwana-kondoo, damu kwenye miimo ya mlango, majani machungu, viatu miguuni, fimbo mkononi, yote aliyasema bila kukosea, na mimi nikawa wa pili. Tazama basi alivyokua. Mtu aliyetolewa Misri kwa mkono wa Mungu alikwenda mwenyewe kumwomba Farao kazi, na Farao akampa kofia, kiboko na milima yetu.

Mjomba wako hakubatizwa, wajua. Alikuwa mkubwa wa lukolo lwetu, ukoo wetu sisi, na aliogopa kwamba akimwagiwa maji wazee wa zamani hawatamtambua. Lakini habari za Misri alizipenda kupita Wakristo. Masika ikianza alikuja jikoni kwangu, akakaa karibu na moto, akaniambia, "Dada, hebu nisimulie tena yule mkubwa alivyopigwa." Nami nilimsimulia. Nilimpa vyura, nzi, majipu na giza, naye alicheka akijipiga paja. Nilipofika kwenye usiku ule wa wazaliwa wa kwanza alinyamaza kabisa, na mimi nilikipenda mno kimya chake, kwa hiyo niliishia hapo hapo kila mwaka.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimpa sikukuu nusu. Padre alikuwa ametufundisha kwamba masika ya Wayahudi haina usiku mmoja tu. Kuna usiku wa damu, kisha siku za mikate isiyochachwa, kisha mganda wa kwanza wa shayiri unaoinuliwa mbele ya Mungu, kisha wanahesabu mpaka siku ya hamsini, ndipo wanashangilia mavuno. Naye akatuonyesha jinsi Bwana wetu alivyopita humo humo, akachinjwa Pasaka, akafufuka kama limbuko, na siku ya hamsini akamtuma Roho. Padre husema mambo ya Wayahudi ni kivuli. Sawa, lakini nimeishi na kivuli cha mlima huu maisha yangu yote, na sijakiona hata siku moja kikianguka mahali pasipo mlima. Watu wale wanaoshika usiku ule mpaka leo wameshika kitu. Na katika kitu hicho mna neno moja ambalo mimi nililiruka kwa sababu halikunogesha hadithi. Waliambiwa wakishapaka damu, mtu asitoke nje ya mlango wake mpaka asubuhi.

Mwaka ule watu wa kusini walipokunywa maji ya dawa na kupigana na Wadachi, sisi hapa hatukuinua hata jembe. Lakini mjomba wako alikuwa amekataa kutoa vijana wa kulima pamba ya akida, amekataa mbele ya watu, na akida hakusahau. Zilipokuja habari kwamba askari wanapanda mlima, Banzi alichinja mbuzi wake mweupe. Unakumbuka, ulilia kwa ajili ya mbuzi yule. Kwa sisi Waluguru damu kizingitini si jambo geni. Wazee walifanya hivyo mwaka ukiwa mbaya, na kwa hiyo habari yangu ya Misri ilimwingia kama mtu anayekumbushwa, si anayefundishwa. Nilikwenda mbio kumwambia kwamba Padre anasema damu ya mnyama imekwisha, sasa iko damu ya Kristo. Aliendelea kupaka. Akasema, "Damu ya mbuzi wangu naiona. Hiyo ya Padre niionyeshe iko wapi, nami nitaipaka hiyo."

Nilirudi nyumbani nikachomeka upya lile jani la mtende la Jumapili ya Matawi juu ya mlango wetu.

Yaliyofuata uliyaona na kuyasikia, kwa hiyo sitayapamba. Askari walikuja na Mdachi mmoja na akida mbele yao akionyesha njia. Banzi hakukaa ndani. Alitoka akasimama mbele ya mlango wake na mikono mitupu, kwa sababu aliamini kwamba damu inatosha, na yule aliyempa habari hakumwambia kwamba kuna kukaa ndani. Mdachi aliuliza damu ile ni ya nini. Mimi nilifika nikapiga magoti kwenye tope, nikamwambia akida kwa Kiswahili cha benchi letu, "Unaijua hii. Ni Pasaka. Mwambie."

Alinitazama. Filipo, alinitazama kwa macho yale yale ya mtoto aliyelia darasani, na nikaona kwamba anajua, anajua kila kitu. Kisha akamgeukia Mdachi akamwambia, "Ni dawa ya vita."

Walimpiga mjomba wako risasi kando ya jiwe la kusagia, wakaichoma nyumba. Yetu waliipita. Mimi nilikuwa nimerudi mbio ndani kwako, wewe uko chini ya kitanda na kiganja changu kimeziba kinywa chako. Malaika wa kifo alipita juu ya nyumba isiyokuwa na damu na kuingia katika ile iliyopakwa, na mpaka leo sijapata padre wala mzee wa kunieleza jambo hilo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Baada ya vita akida alilichukua shamba la Banzi lililo mtoni, akakataza jina la Banzi lisirithiwe na mtu, akisema ni jina la waasi. Halafu akaanza kuja kanisani kwetu Pasaka. Huketi mbele kabisa, koti lake limepigwa pasi, na hupokea komunyo ulimi ukiwa nje kama mtoto. Mimi huketi nyuma, upande wa wanawake, nikiitazama shingo yake. Pale kwenye ukosi ndipo ilipo alama ya mnyororo. Kila Pasaka nimekuwa nikisema moyoni, hapo hapo.

Usidhani basi kwamba mama yako anakuandikia kama mtakatifu. Pasaka moja yalisomwa maneno ya Mtume ya kuondoa chachu ya kale, chachu ya ubaya na uovu, na Padre akaeleza kwamba Wayahudi hufagia nyumba wasiache hata chembe. Nikasema haya, nijaribu. Nilirudi nyumbani nikafanya jambo ambalo mwanamke mwenye akili zake hafanyi katika milima hii: niliosha vyungu vyangu vyote vya pombe. Nilivisugua kwa mchanga mpaka vikalia. Chachu ya bibi yangu, iliyokaa humo tangu kabla sijazaliwa, nikaimwaga mgombani. Kisha tukawa na kazi ya kupalilia, watu wakaitwa, na pombe yangu ikakaa pale chunguni imelala fofofo, tamu kama uji wa mgonjwa. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Jirani alinihurumia akaniletea machicha ya chungu chake niamshie pombe, na pombe ikaamka, ikatokota, watu wakanywa wakaimba. Jioni yake ndipo jirani aliponiambia kwamba yeye naye machicha yale aliyapata kwa mke wa akida.

Nilitapika. Kisha nikacheka, kwa sababu ningefanya nini? Nilikuwa nimetupa chachu yangu nikaingiza ya kwake. Tangu siku hiyo sijajaribu tena kuisafisha chuki yangu kwa mikono, na ukimsikia mtu anakuambia ni kazi ya asubuhi moja, mwambie aje akasugue vyungu vyangu.

Sasa nakuandikia jambo ambalo wewe hukuliona. Kwaresima ile alipokufa kwa ndui mtoto wa kwanza wa akida, kijana wa rika lako, mimi nilifurahi. Mbele za watu nilivuta uso, lakini nyumbani nilifunga mlango nikacheza. Nilimwambia Mungu asante. Nilisema, umechelewa lakini umefika, umempiga mzaliwa wa kwanza wa Farao. Baba yako, Mungu amrehemu, alinikuta nikicheza, akatoka nje.

Nilikwenda matangani, kwani asiyekwenda hujitangaza mchawi. Na nilikwenda pia ili nimwone analia. Mtu yule hakulia. Alikaa na wanaume, kakauka kama gogo. Aliyekuwa chini alikuwa mkewe. Mwanamke ambaye hakupanda mlima na askari, hakusema dawa ya vita, hakujua hata Mdachi yule alikuwa nani. Aliponiona alivuta mkeka akanipa nafasi kando yake, akanishika mkono. "Nilijua utakuja, mama Filipo," akasema. Mkono wake ulikuwa wa moto, nami nilikaa pale na furaha yangu tumboni mpaka ikachacha.

Katika habari ya Misri liko jambo ambalo hakuna mtu hulikumbuka. Mungu alisema atakufa mzaliwa wa kwanza wa Farao, na mzaliwa wa kwanza wa mjakazi anayesaga nyuma ya jiwe. Nilimwuliza Padre yule mjakazi alikosa nini. Padre alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mwishoni akaniambia kwamba hajui, ila anajua kwamba katika Pasaka ya pili Mungu hakuchukua tena mtoto wa mtu, alimtoa wa kwake. Hilo nimelielewa kichwani. Halijashuka, na sitakudanganya kwamba limeshuka.

Nikakaa nikapima. Mungu alikuwa amenipa kisasi kile kile nilichokuwa nikimsimulia Banzi jikoni, hakupunguza kitu. Na asubuhi yake shamba la mtoni lilikuwa bado la akida, jina la Banzi lilikuwa bado limekatazwa, na jiwe la kusagia lilikuwa pale pale na doa lake. Nilikuwa nimelipwa na bado nadai. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikidai kitu kingine.

Kwa hiyo sikuambii umsamehe. Mimi sijamsamehe, nitakuombaje wewe? Dawa ya moto ni moto, wasema wenye hasira, na nimesema hivyo mara nyingi. Lakini fikiri, mwanangu, ukishika kushoto kesho. Utamchoma. Ataanguka juu ya uji wake, mtu aliyekwisha kula na kushiba, kaungama juzi tu kwa ajili ya Pasaka. Wewe watakufunga, watakushusha Morogoro, watakutundika mbele ya boma watu wakaitwe kutazama. Na kwetu jina la mjomba huchukuliwa na mtoto wa dada, na katika lukolo lwetu lwote hakuna mwanamume mwingine wa kulichukua. Dada zangu wamezaa mabinti, na hao bado wanachezea vumbi. Yule mtu alitaka jina la Banzi life, na wewe utakuwa umemmalizia kazi kwa mkono wako mwenyewe, kwa kisu cha Banzi. Atakufa akicheka. Siwezi kumpa kicheko hicho, hata maiti yake siwezi.

Nataka kisasi kikubwa zaidi. Kisikie.

Hapa kwetu hakuna anayevunja hindi jipya kabla mwenye jina la Banzi, mkubwa wa ukoo, hajalionja. Tangu Banzi afe, tumekula mahindi mapya kama wezi, kila mtu jikoni kwake, na kikapu cha kwanza tumempelekea akida, kwa sababu alisema sasa yeye ndiye mwenye nchi. Kila mwaka nimekipeleka kichwani mwangu mimi mwenyewe. Yeye hukipokea, huchoma hindi moja, hula mbele yangu polepole. Limbuko la ndugu yangu, ameligeuza kodi. Na Padre anatufundisha kwamba Kristo ni limbuko lao waliolala, kwamba mganda ule ukiinuliwa ni ahadi kwamba shamba lililobaki nalo litainuka. Mimi si mtu wa elimu, lakini hilo halikuhitaji mtu kunieleza mara mbili. Hindi la kwanza likiliwa na mwenye nalo, waliolala wanajua kwamba hawakusahauliwa.

Wazee wa ukoo nimekwisha kusema nao, mmoja mmoja, wakati wewe ukinoa kisu. Wanaogopa, lakini wamekubali. Nenda Morogoro, fanya kipande kimoja cha kazi, zile siku thelathini, upate shuka nyeupe ya kuvaa, kisha urudi kabla ya Pentekoste. Watakuvika jina hapa hapa, mbele ya jiwe la kusagia. Siku ile ile utashuka nasi mpaka shamba la mtoni, mchana kweupe, wanawake wakipiga vigelegele, na utavunja hindi la kwanza ukalile umesimama. Yeye atakuja. Kelele zile hawezi kukosa kuja. Anaweza kukuchapa viboko, na pengine atakuchapa, sikufichi. Lakini Mdachi hamnyongi mtu kwa kula hindi, na viboko hupona. Na kabla hajafungua mdomo, watu wote watakuwa wamekwisha kukuita kwa jina lile, naye atakuwa amelisikia.

Nataka aliyesema "ni dawa ya vita" amwone Banzi akitafuna. Nataka alale usiku ule akijua kwamba alimwua mtu na mtu yule amerudi kula. Kila masika, Filipo, kila masika iliyobaki maishani mwake, mpaka siku atakayouvuta mkeka mwenyewe kando yangu na kusema alichokifanya. Akisema, hapo nitaona kama nina msamaha au sina. Kabla ya hapo asiniombe mtu.

Radhi yangu unayo ukienda kulia. Ukienda kushoto sitakulaani, kwa sababu siwezi kukulaani kwa jambo ambalo nimelitamani mwenyewe, lakini hutakuwa umenilipia, utakuwa umeniibia.

Mahindi yameanza kubeba ndevu. Mwaka huu kikapu sipeleki, na mimi mwenyewe sitaonja hindi jipya mpaka nilipokee mkononi mwako. Majirani watakula, harufu itanifikia, na nitakaa na muhogo mkavu wa mwaka jana. Mvua imepungua, nasikia sauti yako ukiwaaga watu wa kule juu, kwa hiyo naikunja karatasi hii. Nimekuwa na njaa tangu siku ile kwenye tope, mwanangu. Rudi unilishe.

Mimi mama yako,
Teresia